Mikono Kumi na Minane

Mwaka 1951, masika yakiwa ndiyo kwanza yameanza na mimi nikiwa na umri wa miaka kumi na tisa, niliolewa na mfumi wa nguo katika kijiji cha ufukweni mwa ziwa, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Kisesa. Niliingia katika nyumba yake alasiri ya Alhamisi, tarehe 15 Machi, nikiwa nimelowa hadi magotini. Tarehe hiyo sikuifahamu siku ile, kwa sababu sikujua kusoma. Niliisoma miaka minne baadaye kwenye cheti changu cha ndoa, nikainakili katika ukurasa wa kwanza wa daftari langu. Tangu hapo sikuacha tarehe yoyote ya nyumba ile ipotee. Zote ninazo. Nyumba ndiyo sina.

Mimi ni mtoto wa mjini. Baba yangu alikuwa fundi cherehani Mwanza, na nyumba yetu ilikuwa na sakafu ya saruji, baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, na ua nyuma, kama nyumba zote za watu niliowajua. Nyumba niliyoletwa kuishi ilikuwa imeipa barabara mgongo. Mlango wake mkuu ulikuwa ubavuni, juu ya mwamba, kiasi kwamba mgeni alilazimika kupanda jiwe ndipo ashuke sebuleni. Vyumba vitatu vya udongo na fito vilibanana upande mmoja, na upande wa pili, ule wa ziwani, palikuwa na banda la nyasi lililo wazi pande tatu, na ndani ya banda hilo shimo. Nilidhani wamejenga walevi.

Mama mkwe aliyaona macho yangu.

"Unashangaa nini, mwanangu?"

"Hapana, mama. Naangalia tu."

"Shangaa, usiogope. Hii nyumba haikujengwa. Hii ilichimbwa."

Ni yeye aliyenisimulia historia yake, kwa vipande, tukiwa tumekaa tukisokota nyuzi za pamba, mpaka alipofariki mwezi Februari 1954. Baba mkwe alitoka upande wa Tabora, kabla wanawe hawajazaliwa, akiwa amefunga kitanda chake cha kufumia katika mzigo mmoja wa kichwani. Mfumi wa aina yake hukaa chini, miguu yake ikiwa ndani ya shimo, akikanyaga vijiti vinavyopandisha na kushusha nyuzi. Mbele yake nyuzi za urefu wa nguo, tunazoziita mtande, hunyooka chini chini hadi kwenye nguzo iliyosimikwa mbali, na yeye huzivuta kidogo kidogo kadiri nguo inavyokua mapajani mwake. Kwa kazi hiyo alihitaji hewa yenye unyevu, ili nyuzi zisikatike, na hewa hiyo ipo ufukweni. Alihitaji pia udongo wa kuchimbika, na huo ufukweni kwetu haupo. Ni mawe matupu. Shubiri moja chini ya majani unakuta jabali.

Alitembea siku sita na nondo ya chuma, akichoma ardhi. Kila alipochoma, nondo ililia. Siku ya saba ilizama hadi kiunoni. Pale pale akachimba shimo, akasimika nguzo ya mgunga upande wa ziwani, akaezeka nyasi juu ya miti minne, akaanza kufuma. Alilala misimu miwili chini ya nyasi hizo. Alipooa ndipo alipojenga chumba, na chumba akakiegemeza nyuma ya kiti chake, kwa sababu mbele palikuwa na nyuzi. Chumba cha pili kikaegemezwa nyuma ya cha kwanza. Mlango ukawekwa pale ambapo jabali liliruhusu mlango. Hivyo kila kitu katika nyumba ile, hata mahali pa kuwekea mtungi wa maji, kilifuata shimo lisilozidi upana wa meza ya shuleni.

Mume wangu aliirithi kazi na nyumba. Alikuwa amenizidi umri kwa miaka kumi na minne, mrefu, mwenye mikono ambayo mashati ya baba yangu hayakuifikia. Baba alilazimika kumshonea mikono ya shati upya, akilalamika kwamba bwana harusi anakula kitambaa. Wakati huo nguo za dukani zilikuwa zimekwisha kuwamaliza wafumi wengine wote. Yeye alibaki kwa sababu wazee bado walitaka shuka nzito za kujifunika na vitambi vya kujifunga kiunoni vyenye ukingo mweusi, na kwa sababu hakujua kuwa kitu kingine.

Mwezi Julai 1953, wakati wa kiangazi, aliling'oa lile banda la nyasi akajenga kiwanda kamili. Alitaka mvua isimlazimishe tena kukunja mtande. Kwa hiyo akajenga kuta mbili ndefu za udongo kutoka nyumbani hadi kwenye nguzo, zikiwa na nafasi ya watu watatu tu kati yake, akaweka dari ya matete na kuezeka mabati. Kutoka ziwani jengo hilo lilionekana kama behewa. Watu wakaanza kusema, "Twende kwa treni," na wapita njia walimwuliza mume wangu saa ya kuondoka. Naye aliwajibu kwamba anangoja makaa.

Vipimo vyote alivipima kwa mkono wake, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Alipima hivyo nguo, alipima hivyo kuta, madirisha, na kina cha shimo. Kutoka nguzo ya mtande hadi ukuta uliokuwa nyuma ya kiti chake palikuwa na mikono kumi na minane. Namba hiyo aliijua kama jina lake.

Januari 1955, nikiwa na miaka ishirini na mitatu na bila mtoto, nilianza masomo. Mwalimu mmoja wa kijijini alikuwa amefungua darasa la watu wazima, Jumatatu na Jumatano alasiri. Tulianza wanawake tisa. Baada ya mavuno ya pamba tulibaki wawili. Sitaficha kwamba niliona fahari. Nilijifunza kuandika kwa herufi zilizosimama wima, nilijifunza kuzidisha na kugawanya, nilijifunza futi na inchi. Nyumbani nikafungua daftari, nikaandika kila nguo iliyotoka kitandani: rangi, mikono, siku, mnunuzi. Mume wangu hakujua kusoma, lakini alipenda kuniona nikiandika. Alikuwa akiacha kufuma, akiegemeza mgongo ukutani, akisema, "Nisomee mimi nilifanya nini mwaka jana."

Ukuta huo wa nyuma ya kiti chake ulikuwa umeliwa na mchwa. Mwishoni mwa Julai 1957 aliubomoa ili aujenge upya kwa matofali ya kuchoma. Kwa siku nane nyumba na kiwanda vilikuwa kitu kimoja kilicho wazi, na ilikuwa katika siku hizo, Ijumaa tarehe 2 Agosti, aliporudi kutoka msikitini na wazee wawili, akasema anataka kunipa kiwanda. Hatukuwa na mtoto. Alijua kwamba akifa, robo ya nyumba itakuwa yangu na iliyobaki ya mdogo wake, ambaye alikuwa mkulima wa pamba. Alitaka kiwanda kisiingie katika hesabu hiyo, kiwe changu yeye akiwa hai, mashahidi wakiona.

Nikaleta daftari na karatasi safi.

"Andika hivi," akasema. "Nimempa mke wangu kiwanda chote."

"Chote ni neno la mtu asiye na kipimo," nikamwambia. "Serikalini hawakubali hivyo. Tuseme kinaanzia wapi na kinaishia wapi."

"Kinaishia pale ninapokaa. Nani hajui?"

Mmoja wa wale wazee akacheka. "Mwache aandike, bwana. Umemsomesha mwenyewe."

"Basi," akasema mume wangu, "andika mikono kumi na minane."

Ningeweza kuandika hadi ukutani, lakini siku ile ukuta haukuwapo. Palikuwa na lundo la udongo na matofali. Ningeweza kuandika pamoja na shimo, lakini kwa watu wa nyumba ile shimo halikuwa kitu cha kutajwa, kama vile mtu asivyosema amenunua ng'ombe pamoja na miguu yake. Nikaandika, kwa herufi zangu zilizosimama wima: Kutoka nguzo ya mtande kuelekea nyumbani, mikono kumi na minane, na upana wote uliopo. Nikaweka tarehe. Wazee wakaweka dole gumba, mume wangu akaweka dole gumba, na mimi nikasaini. Nilijiona nimejenga ukuta imara kuliko wake.

Mwezi Juni 1960 kifua chake kilianza kumshinda. Alikuwa akikanyaga mara kumi kisha akiinama kukohoa. Mwezi Agosti aliniambia nishuke shimoni badala yake. Katika ukoo wao wanawake walisokota na wanaume walifuma. Hapakuwa na mwanamke aliyewahi kukaa pale. Alilala kwenye mkeka kando yangu, akanielekeza kwa sauti ndogo, siku baada ya siku, na mimi nikajifunza kazi yake kama nilivyojifunza kusoma, kwa kuchelewa na bila kusahau. Udongo wa shimoni ulikuwa baridi kwenye vifundo vya miguu. Nilipofuma shubiri yangu ya kwanza isiyo na kosa aliigusa, akasema, "Sasa hutalala njaa." Hilo ndilo alilonipa hasa. Si jengo.

Alifariki Jumanne tarehe 8 Novemba 1960. Alikuwa ameacha neno kwamba azikwe katika nguo yake mwenyewe. Ilikuwapo moja tayari, nyeupe, haijawahi kuguswa na maji. Daftari langu linasema: mikono ishirini na minne, imekamilika 21 Oktoba 1959. Niliitoa sandukuni kwa mikono yangu, nikawakabidhi waoshaji. Sikukata hata kipande cha kufutia machozi. Laiti ningekata mkono mmoja tu wa nguo ile.

Nilikaa eda ya miezi minne na siku kumi, nikatoka Alhamisi tarehe 16 Machi 1961. Kesho yake asubuhi shemeji yangu alikuja, akakaa kwenye lile jiwe la mlangoni.

"Shemeji, eda imekwisha," akasema.

"Imekwisha jana."

"Najua. Wewe unahesabu mpaka saa. Mimi nina maneno mawili. La kwanza, uje kwangu uwe mke wa pili. Mke wangu amekubali."

"Amekubali au amenyamaza?"

"Kwetu ni kitu kimoja."

"Na neno la pili?"

"La pili linakuja ukilikataa la kwanza."

"Basi lilete."

Alicheka, na sidhani kwamba alikuwa na chuki. Alisema anataka kiwanda kiwe ghala la pamba yake, kwani kilikuwa na mabati na kilikuwa kikavu. Chumba cha nyuma, robo yangu, hatakigusa. Nikamwonyesha karatasi. Hakujua kusoma, nikamsomea.

"Mikono kumi na minane," akarudia. "Na nani atafuma humo? Ndugu yangu tumemzika."

"Mimi."

"Wewe uweke miguu shimoni? Shemeji, watu wa Kisesa watakuja kwa basi kukutazama."

"Waje. Watanunua nguo."

Aliondoka akiwa bado anacheka. Baada ya wiki mbili alirudi na mtu wa dukani mwenye futi kamba, akapima kutoka nguzoni. Mkono wa dukani, ule unaopimia vitambaa tangu zamani, ni inchi kumi na nane kamili. Mikono kumi na minane ya dukani ni futi ishirini na saba. Kutoka nguzo hadi ukuta wa matofali palikuwa na futi ishirini na tisa na inchi tatu. Zilibaki inchi ishirini na saba karibu na ukuta, na katika inchi hizo mlikuwamo kiti cha mfumi, inchi nane, na shimo, inchi ishirini na moja, pungufu ya mbili.

"Hizi zangu," akasema shemeji, akaweka jiwe.

Sikuhitaji kufikiri ili nielewe. Mkono wa mume wangu ulikuwa mrefu kuliko wa dukani kwa inchi moja na nusu. Ukiizidisha mara kumi na nane unapata mahali pa kukaa. Mimi niliyekataa neno chote kwa kuwa halina kipimo nilikuwa nimeandika kipimo ambacho sasa kilikuwa ndani ya kaburi, kimefungwa katika nguo yake.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini sikuchimba shimo jingine, mkono mmoja na nusu mbele ya lile. Nilijaribu. Aprili 1961 nilichoma nondo ile ile ya baba mkwe katika sakafu yote ya kiwanda, kuanzia shimoni hadi nguzoni, mara arobaini na moja. Ililia mara arobaini na moja.

Nilipeleka shauri mahakamani, na wakati nikingoja kuitwa nilitafuta nguo. Daftari lilikuwa na mikono ya kila nguo na jina la kila mnunuzi. Nikipata nguo moja nzima, nikaipima kwa inchi na kugawanya kwa mikono iliyoandikwa, nitakuwa nimeufufua mkono wake mbele ya hakimu. Nyingi zilikuwa zimekatwa, zimegawanywa kwa watoto, zimezikwa na wenyewe. Moja ilikuwa Busisi, shuka ya mikono minane, iliyonunuliwa Septemba 1958. Tarehe 23 Mei nilikwenda Kigongo, nikavuka kwa pantoni, nikamkuta mzee mwenyewe amekaa nje ya nyumba yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka ng'ambo?"

Nilipomweleza mimi ni mjane wa nani, aliingia ndani kwa haraka ambayo sikuitarajia kwa miguu yake, akatoka na ile shuka.

"Nzima!" akasema. "Hii nimeivaa kanisani, nimelalia, nimebebea mihogo. Haichakai hata nikiiombea ichakae."

Niliikunjua juu ya mkeka nikaipima. Ilikuwa na inchi mia moja na arobaini. Nikagawanya kwa nane nikiwa bado nimepiga magoti. Kumi na saba na nusu.

"Umeifua mara ngapi, mzee?"

"Kila Jumamosi, mwanangu. Sikuitia aibu nguo ya marehemu."

Pamba iliyofumwa kwa mkono hunywea kila inapofuliwa. Nilijua hivyo tangu mwezi wangu wa kwanza pale nyumbani. Tulikuwa tukiwaonya wanunuzi. Nilikuwa nimevuka maji kuutafuta mkono wa mume wangu, nikaukuta umekuwa mfupi kuliko wa dukani. Niliikunja shuka ile, nikamshukuru mzee, naye akanipa samaki wawili waliokaushwa nile njiani. Sikumwambia mtu yeyote nilichopima. Ushahidi huo ungemfaa shemeji.

Mahakama ilikaa mara ya kwanza Septemba 1961. Hakimu alikuwa mtu mzima na wazee wawili wa baraza walikaa pembeni yake. Kati ya mashahidi wangu mmoja alikuwa amefariki. Wa pili, yule aliyecheka siku ile, alikuja akishikwa mkono.

"Mkono wa marehemu ulikuwa mrefu," alisema.

"Mrefu kiasi gani?" aliuliza hakimu.

Mzee akanyoosha wake, unaotetemeka, akautazama. "Kupita huu."

"Na huu una urefu gani?"

"Huu, bwana hakimu, zamani ulikuwa mrefu zaidi."

Watu walicheka mpaka karani akagonga meza. Mmoja wa wazee wa baraza akasema yeye yupo tayari kutoa wake upimwe, na mwenzake akamjibu kwamba kwa mkono ule mama atapewa kiwanda pamoja na kipande cha barabara. Kisha akanigeukia, kwa wema kabisa: "Binti, si ukubali kuolewa na shemeji yako, mipaka yote iishe?"

"Mzee wangu," nikamwambia, "nimekuja kudai kiwanda. Mume sikudai."

Nikaomba kusema. Nilieleza hesabu yangu: ugawanywe urefu wote wa kiwanda kwa kumi na nane, zitapatikana inchi kumi na tisa na nusu, na huo ndio mkono wake, kwa sababu ukuta aliujenga mwenyewe mahali hapo hapo. Hakimu alinisikiliza hadi mwisho. Hakuna mtu aliyekuwa amenisikiliza namna ile tangu mume wangu afariki, na kwa dakika chache niliamini nimeshinda.

"Mama," akasema, "huwezi kuthibitisha ukuta kwa mkono, kisha ukathibitisha mkono kwa ukuta. Karatasi yako ni halali. Zawadi ni halali. Lakini ungeandika hadi ukutani tusingekuwa hapa."

"Ukuta ulikuwa umebomolewa siku ile."

"Basi ungeandika kiwanda chote."

Nilikaa chini. Shauri likaahirishwa.

Uhuru ulitukuta katika hali hiyo. Jumamosi tarehe 9 Desemba 1961 kijiji kizima kilicheza ngoma, na mimi pia nilisimama nikapiga vigelegele, kwa kuwa nilitaka kuamini kama wenzangu walivyoamini. Mwalimu wangu wa zamani aliniambia sasa sheria itakuwa yetu wenyewe. Nilikwenda kuulizia shauri langu mwezi Januari. Karani alikuwa yule yule, na futi bado ilikuwa na inchi kumi na mbili.

Na mvua hazikuacha. Zilikuwa zimeanza kabla ya Uhuru, na zilipopita majira yake ziliendelea kunyesha kana kwamba hazina kwingine pa kwenda. Ziwa likapanda. Mawe tuliyofulia yakazama, kisha njia iliyoelekea kwenye mawe ikazama. Mwezi Machi 1962 nilishuka shimoni asubuhi nikakuta maji yamefika kwenye vifundo vya miguu. Yalikuwa hayaingii kutoka juu. Yalikuwa yanatoka chini, kupitia ule udongo mmoja laini ambao baba mkwe aliupata kwa siku saba. Nilichota kwa kopo, nikafuma hadi adhuhuri, nikachota tena. Mwezi Mei nilikuwa nachota zaidi kuliko ninavyofuma. Shemeji alipita akaniona.

"Shemeji, unagombania kisima?"

Nilichota kopo jingine. Nilikuwa na mtande juu ya kitanda, wa mwisho alioutanda mume wangu mwenyewe, na zilibaki pima mbili, yaani mikono minane, kuumaliza.

Alhamisi tarehe 14 Juni 1962 hakimu alikuja kijijini. Alikuwa mwingine, kijana, mwenye heshima. Aliniamkia kabla sijamkaribisha. Alikuwa amesoma jalada lote. Alisema hakuna sheria inayotambua mkono wa mtu mmoja, na kwamba mahakama itatumia mkono unaofahamika kwa wote, inchi kumi na nane. Alisema pole. Karani akashika mwanzo wa futi kamba kwenye nguzo ya mgunga, na mtu mwingine akatembea nayo kando ya mtande, akiinama ili asiguse nyuzi, mpaka futi ishirini na saba. Kigingi kilianguka ndani ya shimo. Hakikuwa na mahali pa kusimama, kwa hiyo wakakigongomea ubavuni mwake, juu kidogo ya maji. Upande wangu zilibaki inchi mbili za shimo.

"Mtande huu ukatwe?" shemeji aliuliza, na nilisikia kwamba swali hilo lilimtia aibu.

"Nitaukata mwenyewe," nikasema, na nikaukata, mbele yao, kwa mkasi wa baba yangu. Nguo isiyokwisha ilijikunja mapajani mwangu. Sikuipima.

Karani aliweka karatasi juu ya jiwe la mlangoni, akanisogezea kidau cha wino wa dole gumba. Nikamwambia anipe kalamu. Nilisoma kwanza hukumu yote, mstari kwa mstari, wakiwa wamesimama. Haikuwa na kosa lolote la maana, isipokuwa kwamba alikuwa ameandika tarehe 13. Nilimwonyesha. Akafuta, akaandika 14, akaweka herufi zake pembeni kuthibitisha masahihisho. Kisha nikasaini.

"Mama ana mwandiko mzuri," alisema karani.

Shemeji akabonyeza dole gumba chini ya jina langu. Hakimu akakunja karatasi. Walipokuwa wakiondoka kwa kupanda lile jiwe, shemeji alibaki nyuma. Kopo langu la kuchotea maji lilikuwa limesimama ukingoni mwa shimo. Alilitazama, akakitazama kigingi, akainama akaliokota, akanipa.

"Lilikuwa upande wako," akasema.